Amiba anajisaidia wapi? (Uzi wa taka za seli, figo, na kila kinachotutoka)

#1 Mwalimu wa Zamu

Wakuu, habari za muda huu.

Nimefundisha baiolojia miaka kadhaa, na swali lililonikamata vibaya kuliko yote halikutoka kwenye mtihani. Lilitoka dawati la nyuma, kipindi cha mwisho, kila mtu kachoka: "Mwalimu, amiba anajisaidia wapi?" Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka, nikafuta ubao, nikasema tutalijibu kesho. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta muda. Jibu lililokuwa kichwani mwangu ni lile tulilokaririshwa sote, kwamba kuna kifuko kinachojaa na kunywea ndani yake, na hicho ndicho "choo" chake. Nilipokaa chini kulitafakari nikaona si jibu.

Kile kifuko kinatoa maji. Amiba wa mtoni ana chumvi nyingi ndani kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji yanamwingia mchana na usiku bila hodi. Asipoyatoa anapasuka. Kifuko ni kama mtu anayekumba maji kwenye mtumbwi unaovuja, basi. Ndiyo maana amiba wengi wa baharini, ambako chumvi ya nje na ya ndani hazipishani sana, hawana kifuko hicho kabisa, na wala hawafi kwa uchafu.

Uchafu wake halisi ni amonia inayotokana na protini, pamoja na hewa ya kabonidayoksaidi. Hivyo vyote vinapenya utando na kuondoka vyenyewe, kokote. Amiba ni mdogo kiasi kwamba hakuna sehemu ya ndani iliyo mbali na nje. Kwa hiyo jibu: anajisaidia mwili mzima, kila sekunde.

Na makombo ya chakula alichomeza? Hayo yanasukumwa hadi ukingoni, utando unafunguka, yeye anateleza mbele na kuyaacha nyuma. Lakini hilo ni jambo lingine, na hapa ndipo tunapochanganya mambo. Takamwili ni kile ambacho seli zenyewe zimekitengeneza zikiwa kazini. Makombo hayakuwahi kuwa sehemu ya seli. Hata kwetu sisi: utumbo ni kama tundu la ushanga. Uzi unaopita kwenye tundu haujaingia ndani ya ushanga.

Nimeweka uzi huu tulijadili hilo. Karibuni.

#2 Kidole Tumbo

Naweka kambi hapa 😂

Ila mwalimu, unataka kutuambia tukienda haja kubwa hatutoi uchafu wa mwili? Miaka yote hii? Na ile rangi inatoka wapi, maana mtu anakula vitu vya kila rangi, kinachotoka ni rangi moja.

#3 Mwalimu wa Zamu

Mkuu Kidole Tumbo, umegusa penyewe. Ndani ya kinyesi kuna takamwili, na ndiyo hiyo rangi.

Seli nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Ikichakaa humezwa na seli walaji kwenye wengu na ini, na himoglobini yake, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, inafumuliwa. Chuma kinawekwa akiba, hakitupwi. Protini inavunjwa ikatengeneze nyingine. Kinachobaki ni ile pete iliyokuwa imeshika chuma, ambayo mwili hauna matumizi nayo. Inageuzwa kuwa rangi ya kijani, halafu manjano, inayoitwa bilirubini. Ukitaka kuiona kazi hii kwa macho yako, jigonge paja kwenye kona ya meza. Siku ya kwanza pamevilia na kuwa peusi, baada ya siku kadhaa pembeni panaanza ukijani, kisha umanjano, kisha panafutika. Ni himoglobini ile ile inafumuliwa chini ya ngozi yako.

Bilirubini haikubali kuyeyuka majini, kwa hiyo ini huifunga na kitu cha jamii ya sukari ili iyeyuke, kisha huimwaga utumboni pamoja na nyongo. Bakteria wa utumbo wanaichezea mpaka inakuwa kahawia. Kiasi kidogo kinarudi kwenye damu na kupitia figo, na ndicho kinachoupa mkojo umanjano wake. Yaani rangi zote mbili ni za damu iliyostaafu. Jiwe likiziba njia ya nyongo utaona kinyume chake: kinyesi kinapauka kama udongo wa mfinyanzi, mkojo unakoza, macho yanakuwa ya njano.

#4 Nesi wa Usiku

Mwalimu hapo kwenye bilirubini umeingia wodini kwangu, niongeze kidogo.

Watoto wachanga wengi hupata umanjano siku za mwanzo kwa sababu ini lao halijashika kasi ya kuifunga hiyo bilirubini. Ikizidi sana inaingia kwenye ubongo na kuuharibu, kwa hiyo hatusubiri. Tunamvua mtoto nguo zote abaki na nepi, tunamfunika macho, tunamlaza chini ya taa za buluu. Wazazi wengi wanadhani tunampasha joto. Joto silo. Mwanga unapiga bilirubini iliyo kwenye ngozi na kuipinda umbo, na ikishapindika inaweza kuyeyuka na kutoka kwa nyongo na mkojo bila kulisubiri ini.

Akina mama wanaogopa sana nepi ya siku ya pili, choo kinakuwa cha kijani, laini. Mmoja aliniita saa tisa usiku akitetemeka, anasema mtoto "anaoza tumbo". Nikamwambia mama, hicho unachokishika ndicho tulichokuwa tunakitafuta.

#5 Bwana Mashaka

Nimewasoma. Sasa mbona hamsemi kitu kuhusu sumu? Mimi kila mwezi natumia dawa ya kusafisha mwili, ya mitishamba. Siku mbili nashinda chooni, vinatoka vitu hata sivielewi. Nikimaliza najisikia mwepesi. Mtaniambia huo si uchafu?

#6 Mwalimu wa Zamu

Bwana Mashaka, sikubezi, na wepesi unaousikia ni wa kweli, umemwaga maji na chumvi. Lakini ulichokiona ni kilichokuwa kwenye tundu la ushanga. Damu yako inasafishwa kwingine, na namna inavyosafishwa ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi huu, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Una figo mbili. Kila moja ina vichujio vidogo vinavyoitwa nefroni, takriban milioni moja. Kila nefroni inaanza na fundo la vishipa vyembamba lililokaa ndani ya kikombe. Msukumo wa damu unakamua maji ya damu yaingie kwenye kikombe, na vitu vyote vidogo vilivyoyeyuka humo vinakwenda nayo: sukari, chumvi, amino asidi (matofali ya protini), yurea (taka ya protini iliyovunjwa), vyote. Seli na protini kubwa tu ndizo zinazobaki. Ukijumlisha siku nzima, zinakamuliwa lita 180 hivi.

Sasa piga hesabu. Damu yako yote ni kama lita 5, na katika hizo maji ya damu ni lita 3 tu. Maana yake kila siku figo zinayatupa nje maji yako yote ya damu mara 60. Lakini mkojo ni lita moja au mbili. Zilizobaki zimekwenda wapi? Zimerudishwa. Baada ya kikombe kuna mrija mrefu uliojikunja, na seli za ukuta wake kazi yake ni kuokota. Sukari yote inaokotwa. Chumvi asilimia 99. Amino asidi, karibu zote. Maji yanafuata.

Tazama ujanja wake. Mtu anayefagia nyumba anatafuta takataka azitoe. Figo inatoa vyombo vyote uani, kisha inarudisha ndani kile tu inachokitambua kuwa ni chake. Kilichobaki uani ndicho uchafu. Yaani mwili hauna orodha ya sumu. Una orodha ya mali yake. Kitu ambacho babu wa babu zako hawakuwahi kukutana nacho, dawa iliyobuniwa maabara mwaka juzi, kinatoka kwa sababu hakuna seli iliyokuja kukiokota. Kama kingehitaji kutambuliwa ndipo kitolewe, tungekuwa tumekufa zamani.

Vingine havisubiri hata kukamuliwa, mrija unavichomoa moja kwa moja kutoka kwenye damu. Penisilini ni mojawapo. Mwaka 1941 kule Oxford, polisi mmoja alikuwa wa kwanza kutibiwa nayo kwa maambukizi makali. Dawa ilikuwa haba mno, na figo zake zilikuwa zinaimwaga haraka, basi watafiti wakawa wanakusanya mkojo wake, wanaichuja penisilini, wanamdunga tena. Akaanza kupona. Dawa ikaisha, akafariki.

Kwa hiyo swali langu kwa kila anayeuza dawa ya kutoa sumu ni moja: sumu gani, itaje jina. Na tuwe makini, mitishamba mingine inaua figo zenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji wanawake waliokuwa wakipewa vidonge vya kupunguza unene walianza kupata figo kufeli mmoja baada ya mwingine, na ikaja kugundulika ndani yake kulikuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia.

#7 Nesi wa Usiku

Nakazia tu. Kabla ya kumpa mtu ushauri wa figo tunapima kreatinini kwenye damu. Hiyo ni taka ya misuli, inazalishwa kwa kiwango kilekile siku hadi siku, na figo karibu haiokoti hata chembe. Ikipanda kwenye damu, ujue kikombe hakikamui. Shida ni kwamba figo zinaweza kuchoka hadi nusu kabla kipimo hakijaonyesha la maana. Mtu anajisikia mzima kabisa.

#8 Mshona Viraka

Jasho je? Mimi nikikimbia nikalowa nasikia kama nimetoa taka zote. Halafu mwalimu, nilipungua kilo 10, hayo mafuta nilitokwa nayo wapi? Sikuyaona.

#9 Mwalimu wa Zamu

Jasho ni la kupoza mwili. Lina yurea kidogo ndani, ila ukitegemea jasho likufanyie kazi ya figo hutamaliza wiki.

Mafuta uliyatoa kwa pua na mdomo. Sitanii. Molekuli ya mafuta ikiunguzwa na oksijeni inaisha kuwa kabonidayoksaidi na maji, basi, hakuna jivu. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Australia, Meerman na Brown, walifuatilia kila atomu kwenye hesabu wakapata kwamba katika kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 zinatoka kwa pumzi na 1.6 inakuwa maji. Waliwauliza madaktari na wataalamu wa lishe, wengi wakasema mafuta yanageuka nishati. Hapana, uzito hauyeyuki hewani hivihivi. Uliupumua.

Pafu ndilo kiungo kinachotoa taka nyingi kwa uzito kavu, karibu kilo nzima ya kabonidayoksaidi kwa siku kwa mtu mzima, na hakuna anayelisifia.

#10 Mfuga Njiwa

Uzi umetulia huu. Mimi nimefuga ndege tangu utotoni na miaka mingi niliamini kile cheupe ni kinyesi. Siyo. Tazama dondoo la njiwa kwa karibu, lina sehemu mbili: kipande cheusi cha kijani katikati, na ute mweupe kama chokaa kuzunguka. Cheusi ndicho kinyesi. Cheupe ni mkojo.

Ukivunja protini unapata amonia, na amonia ni sumu kali. Samaki hana tatizo, anaiachia majini kupitia mashavu, maji yanaizimua. Sisi wa nchi kavu hatuna maji ya kuchezea, kwa hiyo ini letu linaigeuza kuwa yurea, ambayo ni pole kidogo na tunaweza kukaa nayo kwenye kibofu. Ndege anakwenda mbali zaidi, anatengeneza asidi ya yuriki, ambayo haiyeyuki vizuri, inaganda kama unga. Inamgharimu nguvu nyingi kuitengeneza lakini hapotezi maji na habebi kibofu angani.

Ila mimi naona sababu kubwa ni yai. Kifaranga wa kuku yumo ndani ya ganda wiki tatu, hana pa kumwaga. Angetoa amonia angejiua. Yurea ingemlowesha na kujaa humo humo. Unga haumdhuru, unakaa kwenye kifuko chake pembeni. Anayevunja ganda baada ya kifaranga kutoka ataukuta umebaki, vijiwe vyeupe vimeganda kwenye utando.

Na chura ndiye kiboko: akiwa kiluwiluwi anatoa amonia kama samaki, akiota miguu na kupanda nchi kavu ini linabadili kiwanda, anaanza kutoa yurea.

#11 Mwalimu wa Zamu

Mfuga Njiwa, sina cha kuongeza zaidi ya kusema kwamba sisi nasi tuna asidi ya yuriki kidogo, inatokana na kuvunjwa kwa DNA na jamaa zake, siyo protini. Wanyama wengi wanyonyeshao wana kimeng'enya cha kuimalizia. Sisi na nyani wakubwa tulikipoteza. Ndiyo inayoganda kwenye kidole gumba cha mguu mtu akapata gauti.

#12 Kidole Tumbo

Nimerudi. Mwalimu umesema seli inaachia taka ndogondogo zipenye utando. Je, zile kubwa? Protini iliyoharibika haiwezi kupenya. Mashine ikifia ndani ya kiwanda, na mlango ni mdogo?

#13 Mwalimu wa Zamu

Inachinjwa humo humo.

Njia ni mbili. Protini moja moja iliyopinda au iliyomaliza kazi inabandikwa alama, protini nyingine ndogo iitwayo yubikwitini, kisha inaburutwa kwenye kitu mfano wa pipa lenye meno ndani, inatoka upande wa pili vipande vipande. Waliofumbua mfumo wa ile alama, Ciechanover, Hershko na Rose, walipewa Nobeli ya kemia 2004.

Vitu vikubwa zaidi vinakwenda kwenye lisosomu. Hizi ni vifuko vyenye asidi na vimeng'enya, Christian de Duve alizitaja kwa jina mwaka 1955. Seli ikitaka kutupa mitokondria (mtambo wake wa nishati) nzima iliyochoka, inaizungushia utando pande zote, kama unavyofunga mzigo kwenye shuka, kisha mzigo unaunganishwa na lisosomu na kuyeyushwa. Vipande vinarudi kutumika. Seli inajila yenyewe, kwa mpango.

Hapa kuna jaribio ninalolipenda kuliko yote. Yoshinori Ohsumi, Mjapani, alikuwa anatazama hamira kwa darubini. Tatizo lilikuwa kwamba mizigo inayeyushwa haraka mno, huwezi kuiona. Akachukua hamira ambayo vimeng'enya vya kuyeyushia vimeharibika, akainyima chakula. Akatega jicho. Baada ya saa chache kifuko cha ndani kilikuwa kimejaa vitu vya mviringo vinavyorukaruka, mzigo juu ya mzigo, umefika jaani na hakuna wa kuuchoma. Kwa kuziba bomba akaona kilichokuwa kinapita. Kutoka hapo alisaka jeni moja moja zinazohusika, na 2016 akapewa Nobeli peke yake.

Na bomba hilo likiziba kwa binadamu? Kuna ugonjwa wa Tay-Sachs, mtoto anazaliwa bila kimeng'enya kimoja cha lisosomu. Miezi ya mwanzo anacheka na kugeuka kama wenzake. Mafuta fulani yanajaa kwenye seli za neva kidogo kidogo, kisha anaanza kupoteza alichokwisha kujifunza. Kimeng'enya kimoja tu.

Seli za neva zina balaa lake, kwa sababu hazigawanyiki. Seli ya ngozi ikichafuka inabanduka, mwisho wa hadithi. Neva uliyozaliwa nayo unazikwa nayo, na ndani yake yanabaki mabaki ya kahawia ambayo hata lisosomu imeshindwa kuyameng'enya, yanaongezeka na umri. Mwaka 2017 ilionekana kwamba neva za mnyoo mdogo C. elegans zikielemewa zinafunga uchafu kwenye donge kubwa, karibu saizi ya seli yenyewe, na kulisukumia jirani. Kama jirani yako anayerusha taka ukutani usiku 😅

#14 Bwana Mashaka

Hapo kwenye kuinyima chakula nimesikia. Si mnaona? Kufunga kunasafisha seli.

#15 Mwalimu wa Zamu

Nilijua utarudi 😄 Kwa hamira na kwa panya, njaa inaongeza kazi hiyo waziwazi, hilo halina ubishi. Kwa binadamu ukikutana na mtu anakuambia "saa 16 kamili ndipo usafi unaanza", muulize alichungulia kwenye ini la nani. Hakuna saa iliyothibitishwa. Na seli inajila kwa sababu ina njaa, usafi ni faida ya pembeni.

#16 Mshona Viraka

Mimea je? Haina figo, haina mahali pa kwenda.

#17 Mfuga Njiwa

Mimea inatupa oksijeni, ambayo ni taka yake ya mchana. Wewe unaivuta. Vingine inavifungia kwenye vifuko vya seli kama vijiwe vya oksaleti, au inavisukumia kwenye majani yanayokaribia kudondoka, au kwenye moyo wa mti, zile mbao nyeusi za katikati ambazo seli zake zimekufa. Mikoko mingine inatoa chumvi juu ya jani hadi unaiona inang'aa. Lamba utaamini.

#18 Kidole Tumbo

Swali langu la mwisho kabla sijalala. Kuna mnyama asiye na njia ya nyuma kabisa?

#19 Mwalimu wa Zamu

Wapo. Yavuyavu (jellyfish) ana mdomo mmoja, anaingizia na kutolea hapo hapo. Jamaa mmoja wa baharini anayefanana naye, Mnemiopsis, ni wa ajabu zaidi: mwaka 2019 ilielezwa kwamba tundu lake la nyuma linatokea tu wakati wa kutoa, kisha ngozi inajifunga na huwezi kuona lilikuwa wapi.

Kulikuwa pia na utitiri wa Demodex, wanaoishi kwenye vinyweleo vya uso wa binadamu. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba hawana tundu, wanahifadhi kila kitu maisha yao yote mpaka wanakufa na kupasuka. Utafiti wa 2022 ukaonyesha tundu lipo, dogo sana, watu hawakuliona.

#20 Kidole Tumbo

Subiri. Uso wa binadamu gani?

#21 Mwalimu wa Zamu

Watu wazima karibu wote. Wako kwako pia.

#22 Kidole Tumbo

Sasa hivi? Usoni?

#23 Mwalimu wa Zamu

Sasa hivi. Na wanajisaidia.